Mume anataka X-Trail, mimi nataka RAV4, na hela ni moja

Anko shikamoo,

Naomba niende moja kwa moja maana nikianza salamu sitamaliza. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkubwa ana miaka kumi na moja na wa mwisho minne, tunaishi Goba kule ndani ambako lami inaishia kwenye duka la dawa, baada ya hapo unajikabidhi kwa Mungu. Mama mkwe nae tuko nae tangu mwaka jana, magoti yanamsumbua, kila baada ya wiki mbili nampeleka kliniki. Sasa hivi tuna IST, gari nzuri wala sijawahi kuilaumu, lakini watu sita ndani ya IST Anko hapana kwakweli, mdogo anapakatwa na bibi yake na kila nikiona trafiki mbele roho inaruka, na masika haya imekwama mara mbili nikasukumwa na vijana wa bodaboda nikiwa na nguo za kazini.

Basi tukakubaliana tuuze IST, niongezee hela yangu ya kikoba na yeye aongezee kidogo alichokuwa anaweka, jumla tuna milioni 26. Mwanzo tulitaka kuagiza Japan ila tulivyoingia kwenye kikokotoo cha TRA tukaona kodi tukafunga laptop tukaenda kulala. Kwahiyo tunanunua iliyotumika hapa hapa Dar. Tumezunguka wiki tatu, tumebaki na mbili na ndo hapo nyumba imegawanyika.

Ya kwanza ni RAV4 ya 2008, nyeupe, cc 2400, namba D, kwenye kadi chasisi inaanzia ACA36. Dalali anasema ni 4WD full, yaani tairi zote nne zinavuta. Wanataka milioni 27 ila maongezi yapo. Ya pili ni X-Trail ya 2010, nyeusi, cc 2000, chasisi NT31, nayo namba D, wanataka 22. Zote otomatiki, zote kwa macho ziko safi.

Mume wangu anasema X-Trail, kwasababu ni mpya zaidi kwa miaka miwili, inakula mafuta kidogo, ina kile kiswichi cha kuzungusha cha 4WD, na milioni nne inabaki tunalipa bima na ada. Pia kuna mwenzake kazini anayo, kila siku anamsifia. Mimi nataka RAV4 kwasababu spea ziko kila kona na siku nikitaka kuuza sitahangaika. Ananiambia nimekariri Toyota kama watu wote wa mjini.

Nikueleze matumizi. Gari naendesha mimi. Yeye anachukuliwa na basi la kampuni saa kumi na moja alfajiri. Mimi nashusha watoto shule mbili tofauti, naenda kazini Posta, jioni narudi nao, ni kama kilomita 50 kwa siku na nusu yake ni foleni. Jumamosi Kariakoo, nauza vitenge pembeni, kwahiyo kuna maroba. Krismasi tunaenda Songea kwao, wote.

Kuziendesha nimeziendesha zote mara moja. RAV4 tuliikuta imeshawashwa ina moto, tukazunguka mtaani dakika kumi, sikuona shida. X-Trail ilikuwa imetulia ila kwenye foleni ya Tangi Bovu nikiwa spidi 20, 30 hivi, ikawa kama inatetemeka, inasitasita halafu inaachia. Mwenye gari akasema ni plagi tu, kitu kidogo.

Anko nisaidie, na ukiweza andika kwa namna ambayo nitampa simu asome mwenyewe.

Mama Watatu, Goba

*

Marahaba Mama Watatu, na nyumbani wasalimie wote akiwemo mkwe wangu, yaani mumeo, ambae naona anasoma kwa jicho moja.

Kabla ya RAV4 na X-Trail kuna hesabu moja mmeiruka wote wawili. Hebu nihesabie watu wa Songea. Wewe, mume, watoto watatu, bibi. Sita. RAV4 hiyo ina siti tano, X-Trail hiyo ina siti tano. Mnatoka kwenye IST yenye siti tano mnaingia kwenye gari ya juu yenye siti tano, na mdogo bado atapakatwa! Na safari hii sio Goba Posta, ni kilomita zaidi ya 900 na mlima Kitonga upo katikati. Mtoto wa miaka minne kwenye mapaja ya bibi mwenye magoti mabovu, ukishika breki ya ghafla pale Mikumi tembo akikatiza, hamna mikono itakayomzuia, na hilo mimi silifanyii utani.

Ila nimesoma tena barua yako nikaona siku za kawaida mko watano, mkwe anapanda basi lake. Kwahiyo siti tano zinawatosha siku zote isipokuwa Krismasi. Hapo mna njia mbili, mkwe wangu atangulie na basi (na atafika hajachoka kuliko wewe), au muache zote mbili msubiri mtafute Vanguard ya siti saba, ambayo ndani yake ni RAV4 iliyorefushwa, ilianza kutoka 2007, zenye cc 2400 zina injini ile ile. Hakikisha tu ni ya siti saba kweli maana ziko za tano pia, na ujue siti za nyuma kabisa ni za watoto, mkizikunjua buti inakwisha na maroba yako unayafunga juu. Nilivyokusoma, huna muda wa kusubiri na masika mengine yanakuja. Tuendelee na hizi mbili.

Sasa sikiliza. Hizi gari zinafanana kuliko mkwe na mwenzake wa kazini wanavyodhani. Zote injini ni ya chain sio ya mkanda, zote za Japan otomatiki yake ni CVT (gia boksi isiyo na gia za kawaida, nitaieleza), zote spea zipo Gerezani na Shaurimoyo, mpya na mtumba. Hilo la spea za Nissan kukosekana ni hadithi ya miaka ile, leo X-Trail zimejaa mjini na vitu vyake vipo, vingine bei imesimama kidogo tu. Kwahiyo hapo mkwe ana haki yake, umekariri.

Ila kila moja ina ugonjwa wake wa ukoo, na ndo hapo mimi ninapochagulia gari.

Ugonjwa wa RAV4 hiyo ni injini kula oili. Injini inaitwa 2AZ, na kwa zile za miaka hiyo ringi za pistoni zinaziba masizi, oili inapanda inaungua na petroli. Sio maneno ya vijiweni, Toyota wenyewe kule Marekani walilazimika kuongeza waranti kwa gari kadhaa zenye injini hii, na RAV4 za 2006 mpaka 2008 zilikuwemo. Yako ni ya 2008. Haimaanishi lazima inaumwa, zipo zilizotunzwa hazili hata tone, ila lazima uipime kwa akili hiyo.

Ugonjwa wa X-Trail ni gia boksi. CVT haina gia za kawaida, ndani kuna mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kwenye puli mbili, na uhai wake wote uko kwenye mafuta yake. Mafuta yakichoka au yakiwekwa sio yenyewe mkanda unaanza kuteleza, unakwangua puli, na ukishakwangua hamna dawa ya kunywesha. Nissan nao Marekani waliongeza waranti ya CVT kwa gari zao za 2007 mpaka 2010 mpaka ikafika miaka kumi, na Rogue, ambayo ni ndugu wa damu wa hiyo X-Trail, ilikuwemo. Kwahiyo kampuni zote mbili zimeshakiri, mkwe asije akasema Anko anapendelea.

Tofauti iko kwenye namna ugonjwa unavyokukuta barabarani. Gari inayokula oili unaishi nayo. Kila Jumapili kabla ya ibada unafungua boneti, unachomoa kijiti, unafuta, unarudisha, unasoma, ikipungua unaongeza. Ni kero na ni gharama, ila saa moja na nusu asubuhi ukiwa na watoto watatu Mwenge haikuachi. Gia boksi ya CVT ikikata imekata. Inakuachia hapo hapo kwenye foleni, injini inanguruma gari haiendi, au kwenye mlima mrefu inapata moto inajipunguzia nguvu yenyewe unapanda Kitonga kwa mwendo wa mzee huku malori yanakupigia honi. Na kuibadilisha ni hela inayoweza kumeza hiyo milioni nne yote anayoiona mkwe imebaki.

Utasema na RAV4 nayo si CVT? Ni CVT ndio, na mafuta yake nayo yana zamu ya kubadilishwa, usijisahau. Ila kwa miaka niliyokaa na watu wa gereji, gia boksi zinazoletwa zimekufa, za X-Trail za umbo hilo (T31) ni nyingi kuliko za RAV4 kwa mbali. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa na Nissan, nikaipeleka gereji moja nzuri tu ya watu wa heshima, kijana akamwaga mafuta ya CVT akaweka ATF, mafuta ya gia boksi za otomatiki za kawaida, kwasababu "yote ni hydraulic mzee". Ilinichukua miezi miwili kuua gari. Kwahiyo nikisikia X-Trail imetumika mjini na haina rekodi ya gia boksi ilinyweshwa nini, mkono unarudi mfukoni wenyewe.

Na sasa hiyo ya kutetemeka. Ndo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Kutetemeka spidi 20, 30, kwenye foleni, gari ikiwa imeshapata moto, inasita halafu inaachia, hiyo ndo dalili ya kwanza kabisa ya CVT iliyochoka. Inaweza kuwa plagi kweli, siwezi kuapa nikiwa hapa, plagi mbovu nazo zinatetemesha. Lakini kuna kitu mwenye gari hajui kama wewe unakijua: kwenye injini hiyo ya cc 2000, plagi huzifikii mpaka ufungue manifodi ya hewa iliyokaa juu yake. Sio kazi ya dakika tano. Kwahiyo mwambie kwa upole kabisa, baba kama ni plagi tu, kitu kidogo, badilisha nije niendeshe tena. Akibadilisha na ikatulia, kidogo tunaongea. Akianza kukuambia "we chukua utabadilisha mwenyewe nakupunguzia laki mbili", mshukuru, mpe mkono, ondoka.

Na hata ikitulia bado ipimwe kwa kompyuta na fundi anaeijua Nissan, maana gia boksi ile inatunza hesabu ya uchakavu wa mafuta yake, mashine yenyewe inaisoma. Mwenye gari anaweza kusahau, gia boksi haisahau.

Tukija kwa RAV4 yako, nako usishangilie. Dalali amekudanganya, au hajui, kwa madalali ni kitu kimoja. ACA36 ni gari ya kuvutwa na tairi za mbele tu. Ya 4WD ni ACA31. Umeandika mwenyewe kwenye barua, kadi inasema ACA36, kwahiyo hiyo "4WD full" iko kwenye mdomo wa dalali tu, chini ya gari haipo. Chungulia chini nyuma, hutakuta shafti inayokuja kwenye tairi za nyuma.

Je hiyo inaua dili? Kwangu hapana, ila inaua bei. Goba yenu naifahamu, tope lile gari nyingi zinakwama kwasababu ziko chini tumbo linalala na tairi zimeisha, sio kwasababu hazina 4WD. RAV4 iko juu kuliko IST, ukiivalisha tairi nne nzuri zenye meno ya wastani utapita siku nyingi sana za masika. Siku mbili tatu za mwaka ambazo hutapita, hata mwenye X-Trail na kiswichi chake atalala kwa jirani. Ila kama ukichungulia ukaona kilima cha kwenu ni udongo mwekundu ule unaoteleza kama sabuni na hamna njia ya kuzunguka, hapo niambie, hapo tutatafuta ACA31 na hii tutaiacha. Lakini milioni 27 ya 4WD usiilipie gari ya 2WD. Weka kadi mezani, muoneshe herufi, anzia 23.

Kitu cha pili, mlikuta imeshawashwa. Kwenye RAV4 inayosemwa kula oili, gari iliyopashwa moto kabla mteja hajafika ni kama nyumba ya kupanga iliyopakwa rangi jana. Rudi bila kupiga simu mapema, au waambie kabisa msiiwashe nakuja saa moja asubuhi, fika ushike boneti kwa kiganja, iwe baridi. Chomoa kijiti cha oili kabla ya kuwasha. Iwashe mtoto wako mkubwa akiwa nyuma anaangalia ekzosi, moshi wa bluu ukitoka hata kidogo ndo huo. Halafu usizunguke mtaani dakika kumi, hiyo ni kupima redio. Iendeshe saa nzima, ingia foleni makusudi, panda kilima, simama katikati ya kilima uondoke, rudi rivasi kwenye mwinuko. Ukirudi iache ingurume imesimama kama dakika tano, kanyaga mafuta ghafla, fundi wako aangalie tena nyuma. Muulize mwenye gari huwa anaongeza oili mara ngapi kati ya sevisi na sevisi. Akisema "haijawahi kupungua hata siku moja" muangalie usoni.

Mafuta ya petroli, maana najua mkwe ameishikilia hiyo. Kwa foleni zenu X-Trail ya 2000 nikiipa kilomita 9 kwa lita na RAV4 ya 2400 nikaipa 8, kwa kilomita 50 zako tofauti ni kama robo tatu ya lita kwa siku. Kwa siku 24 ni lita 17, ukiweka elfu tatu lita ni kama elfu hamsini kwa mwezi. Sio bure, ni hela ya gesi na umeme hiyo, lakini ni hela unayoijua na unaipangia. Bei nayo ana hoja, cc 2000 bandarini ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 na ikivuka hapo ni 10, ndo sehemu ya sababu RAV4 inauzwa juu hata ikishazeeka mjini. Kwenye kuagiza mlifanya vizuri kufunga laptop, gari ya zaidi ya miaka kumi inaongezewa asilimia 30 kwa ajili ya uzee tu kabla ya mengine. Bima kubwa ni asilimia 3.5 ya thamani na VAT juu yake, kwahiyo kati ya gari hizi tofauti ni kama laki mbili tu, isiwe sababu.

Kuna vitu X-Trail inamshinda mwenzie na ntakuwa muongo nisipovisema. Buti lake ni pana na limenyooka na sakafu yake unaipangusa na kitambaa, kwa mtu wa vitenge hiyo ni raha. Mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu, mvua ikinyesha Kariakoo unasimama chini yake kama mwavuli. Wa RAV4 unafunguka kwa pembeni kama mlango wa friji, gari ikikubana nyuma hufungui, utakuwa unapitisha maroba mlango wa abiria huku unasema maneno. Ukipaki acha nafasi nyuma. Angalau bawaba ziko kulia kwahiyo ukipaki kushoto mwa barabara unapakia ukiwa upande wa watembea kwa miguu, sio upande wa daladala.

Na bibi je? Hakuna hata mmoja wenu aliempeleka kukalia. Gari zote mbili ziko juu kuliko IST, kwa magoti yale kupanda ni kazi tofauti na kushuka. Mchukue siku ya kujaribu, apande mara tatu ashuke mara tatu, na watoto wakae nyuma watatu na mikanda imefungwa sio kwa kubanana dakika moja ya picha. RAV4 sakafu ya nyuma imelala sawa, wa katikati hatagombania pa kuweka miguu. Bibi akisema hapana kwa moja wapo, mjadala wa cc umeisha hapo hapo, maana kliniki ni kila wiki mbili na Songea ni mara moja kwa mwaka.

Kwahiyo, mkwe wangu, maana najua simu iko mkononi mwako sasa hivi: kati ya hizi mbili ningechukua RAV4, ikipita mtihani wa asubuhi baridi na bei ikishuka kwenye 2WD. Sio kwasababu ni Toyota. Ni kwasababu anaeendesha ni mkeo, peke yake, na watoto, na ile X-Trail imeshatetemeka mbele yake. X-Trail nyingine yenye rekodi ya mafuta ya gia boksi na isiyotetemeka ningekuambia chukua na ubaki na milioni nne zako. Na RAV4 ikifeli usilazimishe, mjini ziko nyingi, dalali akikuambia kuna mtu anakuja na hela jioni mwambie amsalimie.

Kabla ya kulipa chochote angalia deni la trafiki na deni la parking la TARURA kwa namba ya gari, jina la kwenye kadi lifanane na mtu aliekaa mbele yako, na namba ya chasisi muisome kwenye chuma chenyewe sio kwenye picha ya WhatsApp.

Mkishainunua, siku hiyo hiyo mwageni oili ya injini, muweke mpya na muandike kilomita. Baada ya kilomita elfu moja pimeni, hapo ndo mtajua mmenunua nini. Lita moja ya akiba usiiweke buti, iweke chini ya siti ya mbele, kwasababu buti itakuwa na maroba na mlango hautafunguka.

Anko